Darasa la Mombasa Lililosoma Siri za Wajapani

Kimya changu kilikuwa kirefu, najua, na lawama zenu zimenifikia. Nilikuwa TP Shinyanga, nikarudi chuo nikakuta mitihani imekaa mlangoni inanisubiri, na bumu nalo linakuja kwa mwendo wa kinyonga. Sasa nimepumua kidogo. Leo sina habari za msosi wa kantini wala foleni ya maji. Leo ni historia, na wale wa hesabu msikimbie, maana na zenu zimo.

Juzi Jumamosi chumbani kwetu tuliangalia The Imitation Game, ile filamu ya mwaka 2014 inayomhusu Alan Turing, Mwingereza wa hesabu aliyesaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, ule uliokuwa unaandikwa kwa mashine ya Enigma. Benedict Cumberbatch ndiye kacheza Turing, na kwa kweli kacheza. Mwisho wake unauma. Mtu kafanya kazi ya kuokoa maelfu, halafu mwaka 1952 mahakama ya nchi yake ikamtia hatiani kwa uhusiano na mwanaume mwenzake, mwaka 1954 akafa akiwa na miaka 41, na msamaha wa kifalme ukaja 2013, karibu miaka 60 baadaye.

Filamu ilipoisha, jamaa mmoja anayesoma hesabu akatoa hukumu: "Huyu bwana peke yake kamaliza vita." Watu wakaitikia. Mimi nikakaa kimya kwanza, maana ukimbishia mtu wa hesabu usiku ule hamlali. Ila hapa ni kwangu, naongea.

Peke yake hapana. Wapolandi watatu, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wanasoma Enigma tangu miaka ya 1930, na Julai 1939, wiki chache kabla vita havijaanza, Wapolandi wakawaonyesha Waingereza na Wafaransa jinsi wanavyofanya. Turing alitengeneza mashine mpya yenye nguvu zaidi, na mwenzake Gordon Welchman akaiongezea kitu kilichoifanya iwe ya haraka. Na pale Bletchley Park, mwisho wa vita kulikuwa na watu karibu 10,000, wengi wao mabinti. Filamu ina meza moja na watu watano sita. Sawa, ni sinema, huwezi kulipa waigizaji 10,000. Lakini kijana akitoka pale anaondoka na picha kwamba historia ni mtu mmoja mwenye akili ya ajabu na wengine wote wanamsumbua.

Basi, hilo la Wapolandi mtalikuta popote. Kilichoninyima usingizi mpaka saa nane usiku ni kwamba kazi ya namna ile ile ilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki, ndani ya jengo la shule, Mombasa. Miaka yote hii ya historia, kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo, mimi sikuwahi kuisikia darasani.

Shule yenyewe ni Allidina Visram. Jina hilo wa pwani wanalijua. Allidina Visram alikuwa Mhindi wa Kutch aliyefika huku akiwa mtoto, akaanzia biashara Bagamoyo, akafungua maduka njia nzima ya reli kuelekea Uganda mpaka akawa tajiri wa kutajwa. Alikufa 1916, na mwanawe akajenga shule Mombasa kwa kumbukumbu yake, miaka ya mwanzo ya 1920. Inatazama bahari. Mwaka 1942 jeshi la majini la Uingereza likaichukua, wanafunzi wakaipisha, na madarasa yakajaa watu wa makaratasi na penseli.

Walifikaje? Waingereza walikuwa na kitengo chao cha kusikiliza redio za Wajapani, kilianza Hong Kong mwaka 1935. Vita vilipokaribia, 1939, kikahamia Singapore. Januari 1942 Wajapani wanashuka Malaya kama siafu, kitengo kikafunga virago kwenda Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Singapore ikaanguka Februari 15. Tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Wajapani zikaipiga Colombo. Sehemu kubwa ya meli za kivita za Waingereza ikakimbilia Kilindini, na hao watu wa mafumbo wakafuata. Yaani kitengo kizima kilikuwa kinakimbizwa bandari hadi bandari na watu wale wale ambao kilikuwa kinajaribu kuwasoma.

Na Mombasa haikuwa mbali na vita kama tunavyodhani. Mwisho wa Mei 1942 nyambizi ndogo ya Wajapani iliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ikaipiga manowari kubwa ya Kiingereza, Ramillies. Juni na Julai nyambizi zao zikazamisha meli zaidi ya 20 kwenye mlango wa bahari kati ya Madagaska na Msumbiji. Hiyo ndiyo njia ya meli zilizokuwa zinapanda kutoka Afrika Kusini kuja huku kwetu na kwenda Misri. Kusini kidogo tu ya Mtwara, jamani.

Kilindini yenyewe ilikuwa ngumu. Mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika yamechoka, safari ndefu kuvuka bahari nzima, kwa hiyo karatasi nyingi zilikuwa na mapengo. Watu walikuwa wachache. Mafumbo makubwa ya jeshi la majini la Japani yaliwasumbua sana. Lakini kulikuwa na fumbo moja la meli za mizigo, ambalo wao waliliita JN-40, na hapo ndipo pana utamu.

Ngoja nilieleze kwa namna nilivyolielewa. Kijapani kinaandikika kwa silabi, kama Kiswahili. Chukua neno SHINYANGA. Silabi tatu: shi, nya, nga. Sasa tengeneza jedwali, kila silabi ipe namba ya tarakimu mbili. Tuseme shi ni 41, nya ni 07, nga ni 88. (Namba hizi nimezitunga mimi, msije mkanipeleka mahakamani.) Unapata 410788. Ukiishia hapo, mtu mwenye subira atakufumbua, maana silabi zinazotumika sana zitajitokeza sana. Kwa hiyo unaongeza hatua ya pili. Unaziandika kwa mistari ya tarakimu tatu tatu, 410 juu na 788 chini, halafu unazisoma kwa kushuka: 47, 18, 08. Unachotuma hewani ni 471808. Ile 4 ya shi imeshaachana na 1 yake. Adui akitafuta silabi hapati, kwa sababu kila silabi imepasuliwa katikati na vipande vyake vimetupwa mbalimbali. Wajapani walikuwa na jedwali la namba 100, na nguzo za kusoma kwa kushuka zilikuwa nyingi, zinazofuata mpangilio wa siri.

Unalifunguaje hilo bila kuwa na jedwali wala mpangilio?

Wale wa nyumbani Geita mtanielewa nikisema ni marudio. Kwa wasio wa machimboni: marudio ni ule mchanga ambao umeshasagwa karashani na kuoshwa, dhahabu ya kwanza imeshatoka, mwenye mali kaondoka. Mgeni anaona tope. Mwenye plant anaona pesa, anakuja na lori anaununua, anakwenda kuuchenjua upya. Mjomba wangu Nyarugusu amesomesha watoto kwa mchanga ambao mwenzake aliona umekwisha.

Septemba 1942 Mjapani mmoja, mtuma ujumbe tu kama mtuma ujumbe mwingine, alituma taarifa ya meli akasahau kuweka mahali meli ilipo. Akaulizwa au akakumbuka. Badala ya kutuma kile kilichosahaulika peke yake, akaandika ujumbe wote upya, kwa ufunguo ule ule, safari hii na mahali meli ilipo. Akaona amemaliza kazi. Kule Mombasa, watu wawili, John MacInnes na Brian Townend, wakaziweka karatasi mbili sambamba.

Fikiria mwenyewe. Ujumbe mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa kipande kimoja kilichoongezwa. Ufunguo ni ule ule, kwa hiyo kipande kile kikiingia, kila nguzo inasukumwa mahali fulani, na pale iliposukumwa panakuonyesha nguzo inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukishajua nguzo, unarudisha mistari. Ukirudisha mistari, tarakimu zinakutana na wenzake, 4 inarudi kwa 1. Na ukishafika hapo unabaki na jedwali la silabi tu, ambalo ni suala la subira. Kufikia Novemba 1942 Kilindini walikuwa wanasoma JN-40 kila inavyoingia, pamoja na karatasi zote za nyuma walizokuwa wamezihifadhi bila kuzielewa. Ndani ya wiki mbili zilizofuata wakafungua mafumbo mengine mawili, JN-167 na JN-152. Meli za mizigo za Japani, na misafara ya kubeba askari, zikawa zinajulikana zinakokwenda, na za kujulikana huwindwa.

Mimi sisemi MacInnes na Townend hawakuwa na akili. Makosa ya namna ile yalikuwa yanaruka hewani na wengine wangeyapita. Ninachosema ni kwamba akili yao ilikuwa ya mwenye plant, ya kusimama juu ya tope la mwenzako na kuuliza mbona hili limekuja mara mbili. Haina muziki wa filamu. Hakuna mtu anayekimbia gizani akipiga kelele "nimepata!" Ni mtu na shuka lake la namba, joto la Mombasa, na feni kama ipo.

Mwaka 1943 hali ilipotulia wakarudishwa Colombo. Shule ikarudi kuwa shule. Walioshiriki waliapishwa kunyamaza, na dunia haikuanza kusikia kwa upana habari za Bletchley mpaka mwaka 1974. Habari za upande wa Japani zilichelewa hata zaidi, na Mombasa ndani yake ilikuwa mistari michache kwenye vitabu vinene.

Sasa, Shinyanga. Nilipokuwa TP nilikuwa na kidato cha tatu, tukafika kwenye vita. Mnaijua mada ile: sababu, matokeo, na matokeo yake kwa Afrika. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa sisi huku vita vilitugusa wapi?" Swali hilo linafaa kuulizwa, kwa sababu ramani ya kitabu ina mishale Ulaya na mishale Pasifiki, na katikati, tulipo sisi, pametulia kabisa kama bwawa.

Nilimwanzia Mwadui, maana kutoka pale shuleni unaweza kupanda gari ukafika mapema. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, vita vikiwa vimeshapamba moto. Sisi tukisikia almasi tunawaza pete, lakini viwanda vya vita vilikuwa na njaa ya almasi za kukatia na kunolea vyuma. Nikamwambia na habari za mkonge: Wajapani walipochukua Ufilipino na visiwa vya Indonesia, Waingereza na Wamarekani wakakosa nyuzi za kutengenezea kamba za meli, wakageukia Tanganyika, na watu wakalazimishwa kwenda kulima. Mshale ule ule uliowafukuza watu wa mafumbo kutoka Singapore hadi Mombasa ndio uliomfikia mtu wa kijijini aliyekuwa hajui Singapore ni mnyama au chakula.

Halafu kuna Keya. Wazee wetu walivyoita King's African Rifles. Vita vile vilichukua zaidi ya Watanganyika 80,000 wakawa askari, na kikosi cha sita, cha Tanganyika, kilipigana Madagaska 1942 ili Wajapani wasiweke kambi pale. Wengine wakaenda Burma, Bama kwa ulimi wa wazee, kupanda bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria. Walivuka bahari kutoka Kilindini. Kwa hiyo wakati wale wawili wanapanga karatasi zao darasani, bandarini palikuwa na vijana wetu na mabegi mgongoni.

Na kulikuwa na ufumbuzi wa aina nyingine unaoendelea. Barua za askari wetu kwenda nyumbani zilifunguliwa na kusomwa. Kulikuwa na ofisi nzima za jeshi kwa kazi hiyo, zenye kutoa ripoti askari wanalalamika nini, mshahara, chakula, likizo, wake zao. Askari alijua barua yake itapita mikononi mwa mtu kabla haijafika kwa mama yake. Kwa hiyo Mjapani alikuwa anasomwa na Keya naye alikuwa anasomwa, tofauti ni kwamba Keya alikuwa upande wa wasomaji. Hili wanafunzi walilishika haraka kuliko yote. Watoto wa siku hizi wanaijua vizuri hali ya simu yako kushikwa na mtu.

Sasa sehemu ambayo sikuisimulia darasani, kengele iligonga. Naisimulia hapa.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria wa kijeshi uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500: kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, namba 301, karibu watu 1,000, wengi wao Waafrika, pamoja na mabaharia, manesi na mabinti wa jeshi la majini. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 ikaipiga kwa torpido mbili. Ilizama ndani ya dakika mbili tatu. Wengi walikuwa chini, ndani. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni 208 wanaume na 6 wanawake. Na baadhi ya waliofika majini wakiwa hai walikufa kwa mabomu ya manowari zao wenyewe, kwa sababu nyambizi ilijificha chini yao na makamanda waliamua kwamba ikiponyoka itazamisha meli nyingine nne. Sijui ningeamua nini. Nimelifikiria sana na silifikirii vizuri.

Kufungua JN-40 hakukuwasaidia watu wale. Ile ilikuwa lugha ya meli za mizigo, siyo ya nyambizi. Filamu huwa inaacha hapo, kwamba ukishafungua fumbo moja basi muziki unaanza na ramani inageuka rangi. Mafumbo yalikuwa kadhaa, mengine yalibadilishwa, mengine yalifungwa tena.

Manowari iliyoizamisha I-27 siku ile inaitwa Petard. Ilirusha torpido mpaka ya saba ndipo ikapata. Na hapa mwenye filamu yake ashike kiti. Petard ndiyo ile ile ambayo Oktoba 30, 1942, upande wa mashariki wa Mediterania, ilikamata nyambizi ya Wajerumani U-559 ikiwa inazama. Watu wawili wa Petard, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani gizani, maji yanapanda, wakatoa vitabu vya siri wakampa kijana wa kantini ya meli, Tommy Brown, miaka 16, aliyekuwa amedanganya umri wake ili apate kazi. Nyambizi ikazama nao wawili. Brown akaruka akaokoka. Tangu Februari mwaka ule Bletchley walikuwa vipofu kabisa kwa nyambizi za Atlantiki, kwa sababu Wajerumani waliongeza gurudumu la nne kwenye Enigma yao. Vitabu vile vilifika Novemba, na Desemba 13 wakaanza kusoma tena. Mashine ya Turing ilihitaji mahali pa kuanzia, na mahali pa kuanzia pakaletwa na muuza kantini. Hayumo kwenye The Imitation Game. (Kuna ile U-571 ya mwaka 2000 ambayo iliwapa Wamarekani sifa za kukamata Enigma, Waingereza wakanuna mpaka bungeni. Hilo tuliache.)

Petard ilikatwa chuma chakavu mwaka 1967, miaka saba kabla siri ile haijatoka hadharani.

Kabla ya kumaliza TP niliwapa wale kidato cha tatu kazi ya nyumbani, siyo ya kunakili kitabu. Nikawaambia waulize kwao kama kuna mtu aliyekwenda vitani. Darasa la watoto 60 na ushee, wanne ndio walirudi na kitu. Wawili walileta neno "Bama" bila kujua ni wapi. Wa tatu alisema babu wa baba yake alirudi na koti zito la jeshi, likavaliwa na wajukuu kuchungia ng'ombe mpaka likaisha mikono. Wa nne ni yule binti wa dawati la nyuma. Kwao ukoo mzima unaitwa kwa Keya: shamba la Keya, kisima cha Keya, watoto wa Keya. Walikuwa wanadhani ni jina tu la mzee. Jina lake lenyewe, alilopewa na wazazi wake, ilibidi bibi mmoja akae kimya muda mrefu ndipo alikumbuke.